Dakika Tatu za Duara

Jumanne walileta bango. Lilikuwa limechapwa vizuri, karatasi nzito, rangi za kupendeza, picha ya mwanamke aliyejifunga kilemba anacheka meno yote nje, na chini yake maandishi makubwa: Ngoma za Jamaika. Ismay Lendore, mzaliwa wa Carriacou, kisiwa ambacho hakijawahi kuwa Jamaika hata kwa nusu saa, alilisoma mara mbili, akalikunja, akaliweka chini ya sahani ya paka.

Miaka hamsini na tisa yuko Huddersfield, na kwa Waingereza bado ametoka Jamaika. Hilo alishalizoea. Muuza samaki ni hivyo, daktari ni hivyo, padri naye mpaka anastaafu alikuwa anamuuliza habari za Kingston. Lakini bango hili halikuandikwa na muuza samaki. Liliandikwa na Mradi wa Mizizi Yetu, watu wa ngozi yake mwenyewe, waliojitangaza kila pembe ya mji kwamba wanaenzi urithi wa Waafrika na wa watu wa Karibi. Sasa kama anayeuenzi haujui, asiyeuenzi ataujulia wapi?

Tuseme ukweli, Ismay si mtu rahisi. Alifika Uingereza akiwa na miaka kumi na mitano, akaingia kiwanda cha vitambaa vya sufu, na kazi aliyopewa ilikuwa kupitisha vidole juu ya kitambaa kilichotoka mtamboni, kutafuta uzi uliokatika au uliorukwa, na kuurudishia kwa sindano. Alitafuta kasoro miaka thelathini na mmoja, siku tano kwa wiki. Kiwanda kilifungwa, lakini vidole havikustaafu. Akiingia nyumbani kwako atakuambia pazia lako limepinda kabla hajakuambia hujambo.

Lakini safari hii hakuwa anatafuta kasoro. Alikuwa na haja, tena haja nzito, na ndiyo maana hasira zilimkaa kooni badala ya kumtoka mdomoni.

Mwaka uliotangulia kimbunga kilipita Carriacou kikakivua kisiwa mapaa yake. Nyumba ya mama yake kule L'Esterre ilibaki kuta, na kaburi la mama mwenyewe, Leonise, liliangukiwa na ukuta wa jirani likapasuka. Haukupita mwezi mama akaanza kumjia Ismay ndotoni. Mara ya kwanza alisimama mlangoni tu, viatu mkononi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alisema, "Ismay, sina pa kukanyaga." Watu wa Carriacou hawafasiri ndoto kwa kitabu. Mzazi aliyekufa akija na ombi, anapewa. Chakula kinapikwa, ngoma inapigwa, na duara linafunguliwa.

Duara ndilo jambo lenyewe. Ngoma Kubwa ya kwao huchezwa ndani ya uwanja mdogo, watu wamezunguka, ngoma tatu upande mmoja, wanawake waimbaji nyuma yake. Lakini kabla mtu yeyote hajaingia, mwenye ngoma humwagia ardhi ramu na maji, wapigaji huanza, na ule uwanja huachwa mtupu. Mtupu kwa macho yako wewe. Wazee waliotangulia ndio wanaocheza, na wewe unangoja kama ulivyokuwa ukingoja chakula utotoni, wakubwa kwanza. Wakitosheka, ndipo unaingia. Ukiingia kabla yao, umewakanyaga.

Basi mama alikuwa anataka duara lake. Kwenda kulifungua nyumbani Ismay hawezi. Nyonga moja ni ya chuma na nyingine inasubiri zamu. Aliwapigia simu binamu zake, wakamwambia kwa adabu kwamba bado wanalala chini ya maturubai, na kwamba wanaohitaji paa kwanza ni wale walio hai. Hakuwalaumu. Akajua ngoma itapigwa hapahapa Huddersfield au haitapigwa kabisa, na yeye ana miaka sabini na minne.

Na Huddersfield nzima kuna seti moja tu ya ngoma hizo. Alizitengeneza Cosnel Enoe, mzee wa kwao, dereva wa basi mstaafu, kwa mapipa madogo ya ramu na ngozi za mbuzi, enzi hizo watu wa Carriacou wana klabu yao. Klabu ilipofungwa, vitu vyake vikachukuliwa na Mradi. Mradi ukaziosha ngoma, ukazibandika namba, ukazifungia stoo. Kuzitoa ni lazima iwe shughuli ya Mradi. Cosnel, aliyezikaza ngozi zile kwa meno yake mwenyewe, akitaka kuzigusa anatia sahihi.

Hivyo ndivyo Ismay alivyojikuta kwenye tamasha la bustanini, kati ya kikundi cha samba na watoto wa shule.

Walikaa vikao vinne. Mratibu aliitwa Abena Frempong, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, wazazi wake Waghana, yeye mzaliwa wa Leicester. Mpole, mchapakazi, simu mbili, hana muda wa kula. Ubaya hana. Angekuwa na ubaya, kazi ingekuwa nyepesi, maana Ismay anajua kugombana. Ila utagombana vipi na mtu anayekuita Anti na kukuletea chai kila unapokunja uso?

Kikao cha kwanza, walitaka ngoma ichezwe jukwaani, juu ya mbao. Ismay akakataa, duara ni la ardhini. Walibishana saa nzima kuhusu nyaya za umeme na watu wasioona vizuri kutoka nyuma, mwishowe wakampa kipande cha nyasi mbele ya jukwaa. Kikao cha pili kilikuwa cha ramu. Kilevi hakiruhusiwi mbele ya watoto, na kuna fomu, na fomu ina kiambatisho. Abena akapendekeza maji ya tofaa, kwa kuwa rangi inafanana. Cosnel alicheka mpaka akakohoa. Ismay hakucheka. Alitia sahihi fomu, na nyumbani akajaza ramu ya kwao, ile kali ambayo barafu ikitiwa inazama, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Kikao cha tatu walitaka wavae fulana zenye nembo. Hicho alikimaliza kwa kutojibu kabisa, mpaka wenyewe wakaona haya.

Kikao cha nne kilikuwa cha muda. Walipewa dakika kumi na mbili. Ismay akasema sawa, lakini tatu za mwanzo ziwe za duara.

"Za kufanya nini, Anti?" Abena aliuliza, kalamu mkononi.

"Za duara."

"Nimeelewa za duara. Nauliza katika hizo dakika tatu kunakuwa na nini?"

Ismay alimtazama kama anavyotazama uzi uliorukwa. "Duara linafunguliwa. Wewe mtoto wa Ghana ndiye wa kuniuliza mimi?"

Kwa sababu ukoo wa Ismay ni Kromanti. Kule kwao kila familia inajua taifa lake la zamani, huyu Igbo, yule Mandinga, yule Kongo, na Kromanti ni wale waliopakiwa merikebuni kwenye pwani ya Ghana. Ismay alidhani damu itamweleza yule mwanamke. Damu haikusema neno. Abena aliinamisha kichwa, akaandika: duara, dakika 3.

Hapo ndipo alipokosea Ismay, na nalisema ingawa nampenda. Watu wa Carriacou wana tabia hii, kwamba jambo la wazee halielezwi. Anayelijua analijua, asiyelijua si lake. Kumweleza asiyelijua ni kama kumvua mama yako nguo sokoni. Kisiwani tabia hiyo haikuwa na hasara, maana mtoto aliona duara likifunguliwa tangu yuko mgongoni. Huku ataliona wapi? Hata Glenora, binti pekee wa Ismay, wa miaka arobaini na minane, hakuwahi kuliona. Alipokuwa mdogo ngoma za klabu zilipigwa usiku, naye alilazwa kwa jirani kwa sababu ya shule. Akakua, akawa msaidizi wa daktari wa meno, akaolewa, akaachika, akamnunulia mama yake jiko jipya. Ndiye aliyekuwa anamwendesha kwenye vikao vyote, anamngoja garini akisoma simu. Habari ya ndoto hakuambiwa. Ismay alijua angepelekwa hospitali.

Jumamosi aliamka akapika. Ugali wa mahindi akaufinyanga mabonge ya mviringo, na wali vilevile, akachemsha mbaazi, akakaanga samaki. Sahani ya mama akaiweka kwenye meza ya chumbani, akafunga mlango asipite paka. Kisha akavaa gauni refu la kwao, kilemba, akaitia chupa ya kikohozi mkobani, Glenora akaja kumchukua.

Bustanini mambo yalikuwa yamechelewa dakika arobaini. Jenereta lilikuwa limezima, mpika kuku wa kuchoma alikuwa anagombana na mlinzi, na Abena anakimbia huku na huku na karatasi zake. Alipowafikia alikuwa anatweta.

"Anti, nisamehe, mna dakika tisa."

"Tisa?"

"Meya anaondoka saa kumi. Sina namna."

Ismay alisikia hasira zikimpanda kutoka magotini. Alizimeza. "Punguza nyimbo," akasema. "Duara usiliguse."

"Siligusi, Anti. Naapa." Na aliapa kwa moyo safi. Lakini simu moja ikalia, kuna mtoto amepotea langoni, akaondoka mbio, na karatasi aliyomwachia mshereheshaji ilikuwa na mstari mmoja tu: Ngoma Kubwa, dakika 9.

Mshereheshaji alikuwa mtangazaji wa redio ya mtaa, Tyrell, miwani ya jua na mdomo usiojua kupumzika. Aliwakaribisha "mabibi na mababu zetu kutoka Jamaika". Cosnel alimtazama Ismay, Ismay akatikisa kichwa, maana yake achana naye. Wakajipanga. Cosnel alikaa kwenye ngoma ya kati, ile inayosema, wazee wawili kwenye ngoma za pembeni, na wanawake wanne nyuma, mdogo wao ana sitini na tisa. Ismay akatoa chupa. Akamwaga ramu pembe zote na katikati, na maji juu yake, taratibu, nyonga ikimuuma kila anapoinama. Watu walimpigia makofi kwa kumwaga. Akarudi mahali pake, akaashiria, na ngoma zikaanza.

Duara likawa wazi.

Ismay si mwanamke wa kujidai. Hakuona kitu, na hajawahi kumwambia mtu kwamba aliona. Nyasi zilikuwa nyasi. Lakini Cosnel alikuwa anapiga kama hajawahi kuendesha basi maishani mwake, na mabega ya Ismay, yaliyokuwa yamekaza tangu kile kimbunga, yalishuka. Alihisi njaa, njaa nzuri ya mtu aliyemaliza kazi. Akasema moyoni, Mama, kanyaga. Dakika moja ikapita.

Sasa, ukiwa juu ya jukwaa na kipaza sauti, dakika moja ya uwanja mtupu ni ndefu kama kwaresima. Tyrell aliangalia karatasi. Akaangalia nyasi. Akamtazama Ismay, bibi kizee amesimama pembeni na chupa, hachezi, haimbi.

"Inaelekea wachezaji wetu wamepotea njia, jamani," akasema. "Walipitia Kingston nini?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa jua na bia. Ismay akainua kiganja kumzuia. Tyrell akadhani anaita wacheza ngoma, akasaidia kuita. "Haya, wako wapi? Mpigieni makofi bibi yetu, asione haya. Nani atamsaidia?" Makofi yakaanza, ya kupanga, pa, pa, pa, hayakufuatana na ngoma hata kidogo. Simu zikainuliwa. Mtu akapiga mluzi. Ismay alibaki na kiganja chake juu, uso unamchoma, anahesabu. Dakika mbili. Moja tu imebaki. Angeweza kusimama hapo na kuchekwa mpaka Jumatatu, mradi wasiingie.

Akaingia Glenora.

Alitokea kulia, viatu amevitupa, tabasamu limebandikwa usoni na macho yanakaribia kulia. Alikwenda moja kwa moja katikati, pale pabichi kabisa, akaanza kucheza. Alicheza anachokijua, cha harusini, kiuno na vidole juu. Na ukishaona mmoja ameingia, nani atabaki nje? Watoto wakamfuata, wacheza samba na manyoya yao, mwanamke na kigari cha mtoto, na meya mwenyewe na mkufu wake wa dhahabu unamgonga kifuani. Duara likajaa. Hakukuwa na nafasi ya kutia hata kidole cha mguu.

Wimbo ulitakiwa kuanza. Ismay, aliyetakiwa kuuanzisha, alikuwa bado anatazama nyayo za Glenora. Wanawake wanne walimtazama, wakaona uso wake, wakaanza wenyewe. Cosnel aliendelea kupiga kwa kuwa mikono ya mpigaji haiachi katikati, lakini alikuwa ameinamisha kichwa chini kabisa, hamtazami mtu.

Baada ya dakika tisa Tyrell aliwashukuru sana.

Nyuma ya jukwaa gari la stoo lilikuwa limeshafungua milango, na kijana wa Mradi anashika karatasi ya kutia sahihi. Cosnel alitia sahihi. Aliipapasa ngoma yake mara moja kabla haijabebwa, akamwambia Ismay, "Mimi nina wana watatu. Hakuna anayeweza kupiga hata ngoma ya pembeni. Usimkemee peke yake." Akaenda kutafuta kiti.

Abena alifika anang'aa. Mtoto amepatikana, meya amefurahi, na ule wakati watu wote walipoingia kucheza pamoja ndio ulikuwa mzuri kuliko yote, amesimama langoni akauona, nusura alie. Kwake ndiyo maana halisi ya Mradi. Mwaka ujao, Anti, tutaufanya makusudi. Ismay alimtazama akatafuta hasira, na hasira aliyoibeba tangu Jumanne, akiitunza kwa ajili hii, haikuwepo mahali pake. Akasema ahsante. Ndilo neno lililomuumiza kuliko yote aliyosema siku ile.

Ndipo Glenora akaja, viatu mkononi, nyasi zimemganda kwenye nyayo, bado anahema. Alikuwa anangoja kushukuriwa. Lo, ilionekana wazi, mtu mzima wa miaka arobaini na minane anangoja kama mtoto aliyeosha vyombo bila kutumwa.

"Nani amekuita?" Ismay akauliza.

"Mama?"

"Nauliza nani amekuita uingie."

"Walikuwa wanakucheka, Mama. Umesimama peke yako na mkono juu, wote wanakucheka. Ulitaka nikae nitazame?"

"Sikuwa peke yangu."

Glenora alitazama nyuma yake, kule kwenye nyasi, kana kwamba kuna mtu alimpita bila kumwona. "Ulikuwa na nani?"

"Na mama yangu," Ismay alisema. "Alikuwa anacheza. Duara linaachwa wazi ili wacheze wao kwanza. Alikuja kuniomba mara tatu. Zilikuwa dakika tatu tu, Glenora, mbili zimepita, na wewe ukaenda kusimama juu yake."

Rangi ilimtoka binti. Alishusha viatu chini polepole. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nitaulizaje kitu nisichojua kama kipo?" Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Miaka yote hii nakupeleka, nakurudisha. Nakungoja garini. Hujawahi kuniambia njoo ndani. Nilidhani hunitaki huko ndani, Mama. Nilidhani ni yenu."

Vidole vya Ismay vilikuwa vinapapasa upindo wa gauni, vinakwenda vinarudi, na havikupata pa kusimama. Ilikuwa ni yao, kweli. Walikuwa wanane, mdogo wao ana sitini na tisa.

Watu wa Carriacou wana namna ya kuwaomba radhi wazee waliokufa. Hupiga magoti ndani ya duara, ngoma zinalia, wanawake wanaimba, na jambo lote linabebwa na wengi hata mwenye kosa hasikiki. Kumwomba radhi mtoto uliyemzaa hakuna ngoma yake. Ismay alisema nisamehe, kavu, akitazama chini. Lakini upande wa pili wa pazia watoto wa shule walikuwa wameanza, vipaza sauti vyote vinavuma, na Glenora aliyekuwa ameinama kuvaa viatu akainua uso.

"Umesemaje, Mama?"

Ikabidi aseme tena, kwa sauti.